Metchnikoff, mgunduzi wa askari wa mwili

Élie Metchnikoff, aliyezaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, katika Ukraine ya leo, alifiwa na mkewe wa kwanza kwa kifua kikuu mwaka 1873. Kwa majonzi akajaribu kujiua, akanusurika.

Mwaka 1882, huko Messina, Italia, alichoma miiba ya waridi katika viluwiluwi vyangavu vya kiti cha pweza. Kulipokucha alikuta seli zimeizingira miiba hiyo.

Mabingwa wa Ujerumani walimpinga kwa miaka mingi, wakishikilia kuwa kinga imo katika majimaji ya damu. Mwaka 1908 alitunukiwa Nobel pamoja na Paul Ehrlich, mtetezi wa majimaji hayo!

Jeni za kinga hiyo ya asili, zinazochunguzwa leo kwa panya, hakuziona: alifariki dunia Paris mwaka 1916.