Eduardo Mondlane na Watu wa Mto Ruvuma: Wasifu wa Kiongozi na Jumuiya Iliyobeba Vita vya Msumbiji

1.0 Utangulizi

Maisha ya Eduardo Chivambo Mondlane huelezwa mara nyingi kama safari ya mtoto wa kijijini aliyepanda ngazi ya elimu hadi akawa mwasisi wa taifa la Msumbiji. Safari hiyo ni ya kweli, lakini peke yake haitoshi kueleza jinsi vita alivyoviongoza vilivyoweza kudumu. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyopiganwa tangu mwaka 1964 hadi 1974, viliota mizizi kaskazini, katika majimbo ya Cabo Delgado na Niassa, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Gaza alikozaliwa Mondlane. Waliowalisha wapiganaji, kuwabebea silaha na kuwapa vijana wao walikuwa, kwa sehemu kubwa, wakulima wa nyanda za juu za Mueda pamoja na ndugu zao walioishi ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Tanzania.

Makala haya yanayaangalia maisha ya Mondlane kupitia uhusiano huo. Hoja inayotetewa ni kwamba jumuiya ya mahali ndiyo iliyovipa vita uhai, na kwamba jumuiya hiyohiyo ndiyo iliyompa kiongozi mtihani mgumu kuliko yote: jinsi ya kujenga taifa kwa nguvu za ujamaa wa ukoo na kabila bila kuuvunja ujamaa huo wala kuwa mateka wake.

2.0 Kutoka Gaza hadi Dar es Salaam

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 huko Nwadjahane, wilaya ya Manjacaze, katika jimbo la Gaza. Baba yake alikuwa chifu, naye alifariki Mondlane akiwa bado mdogo. Alikulia katika kazi ya kuchunga mifugo, na ni mama yake aliyemhimiza kutafuta elimu. Aliipata katika shule za misheni ya Kipresbiteri kutoka Uswisi. Mwaka 1946 kilichapishwa kitabu kuhusu utoto wa kijana wa Gaza, alichokiandika kwa ushirikiano na mmisionari André-Daniel Clerc.

Elimu ya juu aliifuata Afrika Kusini. Mwaka 1949, baada ya chama cha Makaburu kushika madaraka, alifukuzwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na aliporudi nyumbani alihojiwa na polisi wa Kireno kwa sababu ya kushiriki kuanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika wa shule za sekondari. Alikwenda Lisbon mwaka 1950, ambako alikutana na Amílcar Cabral na Agostinho Neto. Kutoka hapo alihamia Marekani, akahitimu katika Chuo cha Oberlin mwaka 1953 na kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Alimwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani, mwaka 1956. Tangu mwaka 1957 hadi 1961 alifanya kazi katika Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse.

Mwaka 1961 alizuru Msumbiji. Hadhi ya mtumishi wa Umoja wa Mataifa ilimkinga dhidi ya polisi, na mapokezi aliyoyapata kusini yalimthibitishia kwamba wananchi walikuwa tayari kwa mabadiliko. Katika miaka hiyo alikuwa amekwisha kufahamiana na Julius Nyerere. Wakati vyama vitatu, yaani UDENAMO, MANU na UNAMI, vilipoungana mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kuunda FRELIMO, Mondlane ndiye aliyechaguliwa kuwa rais. Mwaka 1963 aliacha ualimu wa chuo kikuu akahamia Dar es Salaam.

Alifika akiwa na sifa ambazo wenzake wengi hawakuwa nazo. Lakini sifa hizo zilikuwa na upungufu mmoja. Kitsonga alichokulia nacho hakikusemwa Mueda, na Kireno na Kiingereza alivyosomea havikuwa lugha za wakulima wa kaskazini. Huko watu walizungumza Kimakonde, Kiyao na Kimakua, na waliowahi kuishi Tanganyika au pwani walielewana kwa Kiswahili.

3.0 Watu wa Ruvuma Kabla ya FRELIMO

Jumuiya ambayo Mondlane aliikuta haikuwa ikisubiri kuamshwa. Wamakonde wanaishi pande zote mbili za Ruvuma. Wale wa Msumbiji waliohamia Tanganyika waliitwa na wenyeji Wamawia, jina lililowatofautisha na Wamakonde wa Newala na Mtwara. Hata hivyo lugha zao zinakaribiana, na pande zote mbili hufuata ukoo wa upande wa mama. Kwa muda mrefu kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi na kazi za shuruti viliwafanya watu wengi wavuke mto kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Huko walishuhudia jinsi TANU ilivyoendesha siasa za kudai uhuru. MANU, mojawapo ya vyama vitatu vilivyounda FRELIMO, ilipata wanachama wake wengi miongoni mwa wahamiaji hao.

Ndani ya Msumbiji pia wakulima walikuwa wamejaribu njia nyingine. Mwaka 1957 Lázaro Nkavandame na wenzake walianzisha chama cha ushirika cha wakulima wa pamba katika eneo la Mueda. Wakulima walifaidika, lakini ushirika huo ulipoanza kuwa nguvu ya umma, serikali ya kikoloni iliubana. Tarehe 16 Juni 1960, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotokea Tanganyika, walifika Mueda kudai haki mbele ya watawala. Walipokamatwa, umati uliokuwa umekusanyika ulipinga, na askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa na wanahistoria, lakini matokeo yake kisiasa hayana ubishi: imani ya watu wa Mueda katika mazungumzo na Wareno ilikufa siku hiyo. Kwa hiyo, FRELIMO ilipozaliwa miaka miwili baadaye, Wamakonde walijiunga nayo wakiwa na madai yao, viongozi wao na waliowafia.

4.0 Vita na Kijiji

Mapambano yalianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado. FRELIMO ilijaribu pia kufungua medani Zambezia na Tete, lakini mapambano ya huko yalififia, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba Serikali ya Malawi haikuruhusu silaha na wapiganaji kupita. Tete ilifunguliwa upya mwaka 1968, kupitia Zambia. Tofauti hiyo inafundisha jambo muhimu. Cabo Delgado na Niassa zilidumu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na Tanzania: serikali iliyokubali kutoa makambi kama ya Kongwa na Nachingwea, na vijiji vya mpakani vilivyowapokea watu waliokimbia. Maelfu ya wakimbizi walipewa makazi, mathalani Rutamba katika mkoa wa Lindi, na majeruhi walitibiwa Mtwara. Vijiji vya Tanzania kandokando ya mto navyo havikusalimika na mashambulizi ya Wareno.

Ng'ambo ya mto, vita vilikuwa kazi ya kila siku ya kijiji. Silaha na dawa zilibebwa kichwani kutoka Ruvuma kwa safari za siku nyingi, na wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wabebaji. Vyakula vya wapiganaji vilitoka katika mashamba yaliyofichwa porini. Wakulima nao walihitaji chumvi, nguo, sabuni na majembe, kwa kuwa maduka ya Wareno yalikuwa yamefungwa au kukimbiwa. Walibeba korosho, ufuta na karanga hadi Tanzania na kurudi na bidhaa hizo. Biashara hiyo ndiyo iliyowawezesha wakulima kubaki katika maeneo yaliyokombolewa badala ya kurudi chini ya himaya ya Wareno. Aliyeisimamia Cabo Delgado alikuwa Nkavandame, akiwa mwenyekiti wa FRELIMO wa jimbo.

5.0 Mgogoro wa Mwaka 1968

Hapo ndipo mtihani wa Mondlane ulipojitokeza. Pande mbili zilikuwa na hoja. Nkavandame na wenyeviti wenzake waliona kwamba Wamakonde ndio waliotoa damu, ilhali ofisi za juu mjini Dar es Salaam zilishikwa zaidi na watu wa kusini, wenye elimu na wasiojua lugha yao. Kwa upande mwingine, makamanda vijana walilalamika kwamba maduka ya jimbo yaliwanufaisha wenyeviti, bei zikapanda, na mkulima akanyonywa kwa jina la uhuru. Swali lililojificha ndani ya ugomvi huo lilikuwa kama Cabo Delgado inapigania Msumbiji au inajipigania yenyewe.

Mwaka 1968 malalamiko yalilipuka kutoka kila upande. Mwezi Machi wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam, iliyoongozwa na Janet Mondlane, waligoma. Walipinga, pamoja na mambo mengine, kuwapo kwa walimu Wazungu. Mwezi Mei kundi la watu, wengi wao Wamakonde, lilivamia ofisi ya FRELIMO, na Mateus Muthemba akafariki kutokana na majeraha. Mondlane alijibu kwa kuupeleka Mkutano Mkuu wa Pili ndani ya Msumbiji yenyewe, huko Matchedje, Niassa, mwezi Julai. Alichaguliwa tena kuwa rais, na msimamo wa taifa moja lisilogawanyika kwa kabila wala rangi ukathibitishwa. Lakini Nkavandame hakuhudhuria. Mwezi Desemba kamanda Paulo Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma kuingia Cabo Delgado, na mwezi Januari 1969 Nkavandame alisimamishwa uongozi.

6.0 Kifo na Hitimisho

Tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba ya rafiki wa familia huko Oyster Bay, Dar es Salaam, Mondlane alifungua kifurushi kilichokuwa na kitabu. Bomu lililofichwa ndani yake likalipuka na kumwua. Alikuwa na umri wa miaka 48. Alizikwa Dar es Salaam, katika nchi iliyokuwa ngome ya nyuma ya vita vyake.

Jibu la swali la mwaka 1968 lilipatikana baada ya kifo chake. Katika mwaka huohuo wa 1969 Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno, nao wakamtumia kuwaita Wamakonde waache mapambano. Wengi hawakumfuata. Waliendelea kubeba mizigo, kulima mashamba ya porini na kupigana hadi mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974. Mwezi Mei 1975 Samora Machel, mrithi wa Mondlane na mwana wa Gaza kama yeye, aliingia Msumbiji kutoka Tanzania na kuanza safari yake ya ushindi kaskazini kuelekea kusini. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975.

Haifai, hata hivyo, kuihitimisha habari hii kana kwamba kila deni lililipwa. Nkavandame aliuawa baada ya uhuru akiwa mikononi mwa dola mpya, bila kesi ya wazi, na hoja aliyoibeba kuhusu nafasi ya waliovitolea vita jasho na damu haikuzikwa naye. Chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina la Mondlane mwaka 1976, na tarehe 3 Februari ni Siku ya Mashujaa ya Msumbiji. Heshima hizo anastahili. Lakini mtafiti wa maisha yake analazimika kuvuka Ruvuma, kwenda kwa wakulima waliobaki waaminifu kwa taifa ambalo walikuwa bado hawajaliona, chini ya kiongozi ambaye hakuwa wa ukoo wao. Uamuzi wao ndio uliouthibitisha uongozi wa Mondlane, naye hakuwahi kuushuhudia.