John Thomson: Kipa aliyekufa akiokoa, na straika aliyebebeshwa lawama

Pale Same mjini, jioni vumbi likitimka uwanjani na Milima ya Upare ikitazama, ubishi hauhitaji kutafutwa. Subiri tu mpira wa 50-50 kati ya kipa na straika. Wakigongana, nusu ya watazamaji wanataka kadi nyekundu, nusu wanasema kipa kajitakia. Ubishi huo ni wa siku nyingi, na katika historia ya soka jina linalotajwa sana ni la John Thomson, kipa wa Celtic ya Scotland.

Thomson alizaliwa Januari 28, 1909 mjini Kirkcaldy, akakulia Cardenden kwenye migodi ya makaa ya mawe. Akiwa na miaka 14 tu alianza kazi mgodini. Vijana wanaochimba jasi kule Makanya wanayajua maisha hayo: wiki nzima jasho, mpira ndio pumziko.

Celtic walimsajili mwaka 1926. Februari 1927, akiwa na miaka 18, alidaka mechi yake ya kwanza dhidi ya Dundee, na Aprili mwaka huohuo akabeba Kombe la Scotland. Akalibeba tena 1931. Timu ya taifa aliichezea mara nne.

Hakuwa na mwili mkubwa. Silaha yake ilikuwa wepesi, mikono ya uhakika na roho ya kujirusha miguuni mwa washambuliaji. Februari 1930, kwenye mechi na Airdrie, alivunjika taya na mbavu. Nyumbani mama yake aliingiwa na hofu. Kijana akapona, akarudi na staili ileile.

Septemba 5, 1931, Celtic walikwenda Ibrox kwa Rangers. Kwetu hiyo ni Simba na Yanga, ila kule na dini imo: Celtic timu ya Wakatoliki, Rangers ya Waprotestanti. Thomson alikuwa Mprotestanti anayeidakia Celtic. Watu kama 80,000 walijaa uwanjani.

Mapema kipindi cha pili, Sam English, straika wa Rangers kutoka Ireland Kaskazini, alibaki yeye na kipa. Akavuta mguu apige, Thomson akajirusha, kichwa kikakutana na goti. Mpira ukatoka nje. Baadhi ya mashabiki wa Rangers walikuwa wakizomea, mpaka nahodha wao Davie Meiklejohn akawanyooshea mikono wanyamaze. Mechi iliisha 0-0. Usiku huohuo Thomson alifariki hospitalini, fuvu limevunjika. Alikuwa na miaka 22.

Maelfu walifurika Cardenden kumzika. Wengine, hasa wasio na ajira, walitembea kwa miguu kutoka Glasgow, karibu kilomita 90. Ni kama utoke Same, uipite Mwanga, uikaribie Moshi.

Na yule straika je? Uchunguzi ulisema ni ajali, na familia ya Thomson haikumlaumu. Msimu huohuo English alifunga mabao 44 ya ligi, rekodi ya Rangers mpaka leo. Lakini viwanjani alizomewa kama muuaji. Mwaka 1932 alihamia Liverpool, kelele zikamfuata hukohuko England. Alitundika daluga 1938, furaha ya mpira ilishamtoka kitambo.

Leo sheria zinamlinda kipa. Akishaudhibiti mpira kwa mikono, huruhusiwi kumvamia. Ukiingia kwa nguvu za kuhatarisha usalama wake, ni nyekundu. Kipa na mchezaji wa ndani wakigongana wakaumia, wanatibiwa palepale bila kulazimishwa kutoka. Hata besiboli ya Marekani, ambako kuparamiana kulionekana ushujaa, ilibadilika 2014: mkimbiaji haruhusiwi kuacha njia yake ili amgonge mdakaji anayelinda kituo cha mwisho, na mdakaji asiye na mpira haruhusiwi kumzibia njia.

Ila mpira ukiwa huru, kipa na straika wote wana haki ya kuufuata. Ndivyo ilivyokuwa Ibrox, na ndivyo itakavyokuwa Jumapili hii pale Same. Refa ataamua kama ni faulo. Sisi wa pembeni tuite huduma ya kwanza kwanza, na jina la muuaji tusimpe mtu aliyekuwa anaukimbilia mpira tu.