Ahmad ibn Majid, Mwalimu wa Bahari

Ndugu, sisi wa Handeni na Korogwe tu watu wa bara, lakini yatufaa kuzijua habari za mtu huyu wa bahari. Ahmad ibn Majid alizaliwa Julfar, pwani ya Ghuba ya Uajemi, katika karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa marubani. Na rubani zamani zile aliitwa mwalimu, jina lile lile mliitwalo ninyi. Yapata mwaka 1490 aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari, akieleza nyota, majira ya pepo, na bandari. Tena alitunga shairi refu la njia ya Sofala. Aliwaonya marubani wakikague chombo kingali nchi kavu na kuziandika kasoro zake, wawe wavumilivu, wala wasimdhulumu mtu.

Wengi husimulia kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, lakini wataalamu wengi wa leo hawalikubali neno hilo. Basi sifa yake si safari ile, bali ni kwamba hakuificha elimu yake. Maana mwalimu akipotea njia, wote waliomo chomboni hupotea pamoja naye.