Ghassan Kanafani: Aliuawa akiwa na miaka 36, riwaya yake ikaendelea kusafiri

Asubuhi ya Julai 8, 1972, jijini Beirut, Lebanon, mwandishi Ghassan Kanafani aliingia kwenye gari lake pamoja na mpwa wake Lamis, binti wa miaka 17. Bomu lililotegwa likalipuka. Wote wawili wakafa.

Kanafani alikuwa Mpalestina, mtoto wa wakili, aliyezaliwa Akka mwaka 1936. Vita vya 1948 vilipozuka familia yake ilikimbia, yeye akiwa na miaka 12 tu. Wakaishia Damascus, Syria, na akiwa bado kijana akaanza kufundisha watoto wa wakimbizi wenzake.

Baadaye alikwenda kufundisha Kuwait, kisha mwaka 1960 akahamia Beirut kufanya kazi ya uandishi wa habari.

Mwaka 1962 hakuwa na hati za kuishi nchini humo, ikabidi ajifiche nyumbani kwa wiki kadhaa. Humo ndani ndimo alimoandika Rijal fi al-Shams, yaani Watu Juani, riwaya fupi iliyotoka 1963.

Inahusu Wapalestina watatu wanaotaka kuingia Kuwait kimagendo kutafuta kazi. Dereva anawaficha ndani ya tangi tupu la lori la maji. Kwenye kituo cha mpakani, maofisa wanamchelewesha kwa utani na porojo. Anapofungua tangi, wote watatu wamekufa kwa joto. Dereva anabaki kujiuliza kwa nini hawakugonga.

Lakini Kanafani hakuwa mwandishi wa hadithi tu. Alikuwa msemaji wa kundi la PFLP na mhariri wa gazeti lake, al-Hadaf. Aliuawa wiki chache baada ya watu 26 kuuawa katika shambulio la uwanja wa ndege wa Lod, Israel, lililohusishwa na kundi hilo. Mauaji yake yalihusishwa na Mossad, idara ya ujasusi ya Israel.

Mwaka 1975, akiwa tayari kaburini, alipewa tuzo ya Lotus ya waandishi wa Afrika na Asia, ile ile aliyopata Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya mwaka 1973. Tafsiri ya Kiingereza ya Watu Juani, kazi ya Hilary Kilpatrick, ilitoka 1978, miaka sita baada ya kifo chake. Wasomaji wengi nje ya nchi za Kiarabu walimjua hapo.

Mwongozaji wa Misri, Tewfik Saleh, aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu iliyotoka mwaka ule ule wa 1972. Alibadilisha jambo moja kubwa: kwenye filamu, watu wale wanagonga tangi kwa nguvu zote. Ila nje kelele za viyoyozi ni kubwa, na hakuna anayewasikia.