Adam Smith: Mhadhiri aliyechomesha maandishi yake, madaftari ya wanafunzi yakamwokoa

Siku chache kabla ya kukata roho mnamo Julai 17, 1790, Adam Smith aliwaita marafiki wake wawili, Joseph Black na James Hutton, nyumbani kwake jijini Edinburgh. Aliwasihi wateketeze maandishi yake yote isipokuwa makala machache aliyoona yanafaa kuchapishwa. Majuzuu 16 ya kazi ya mkono wake yakatiwa moto. Inasimuliwa kwamba mgonjwa alipata utulivu wa moyo alipoarifiwa kuwa agizo lake limetekelezwa.

Moto huo uliwaachia wasomi wa historia ya fikra za kiuchumi kitendawili ambacho hakikuteguliwa kwa zaidi ya miaka 100. Kitabu chake maarufu, Utajiri wa Mataifa, kilichochapishwa mwaka wa 1776, kilikuwa kimesambaa kote. Hata hivyo, njia iliyomfikisha mwandishi kwenye kitabu hicho haikujulikana. Je, fikra zile zilikuwa zake mwenyewe, au alizichota Ufaransa alikozuru miaka michache kabla ya kukiandika? Mwenyewe alikuwa amekwisha kuuchoma ushahidi. Jibu lilikuja kupatikana katika madaftari ya wanafunzi, watu ambao yamkini hakuwahi kufikiri kwamba wangekuwa mashahidi wake.

Smith alizaliwa Kirkcaldy, mji mdogo wa bandari mashariki mwa Uskoti, na kubatizwa Juni 5, 1723. Babake, ambaye alikuwa afisa wa forodha, alifariki miezi kadhaa kabla mwanawe hajazaliwa. Mtoto huyo akalelewa na mamake, Margaret Douglas, na kwa hakika hawakutengana kimapenzi wala kimawazo hadi bibi huyo alipoaga dunia mwaka wa 1784 akiwa amekaribia umri wa miaka 90. Smith hakuoa.

Mnamo 1737, akiwa na umri wa miaka 14, alijiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow. Umri huo haukuwa wa ajabu nchini Uskoti enzi hizo. Ajabu ni kwamba hakukuwa na somo lililoitwa uchumi. Masuala ya bei, fedha, mikataba na kodi yalifundishwa ndani ya falsafa ya maadili, baada ya mwanafunzi kujifunza kuhusu Mungu, wema na sheria. Mwalimu wa somo hilo, Francis Hutcheson, alikuwa miongoni mwa wa kwanza chuoni humo kuacha kuhadhiri kwa Kilatini na kutumia Kiingereza. Smith alimheshimu maisha yake yote.

Mwaka wa 1740 alipata ufadhili wa masomo, akapanda farasi na kusafiri hadi Chuo cha Balliol, Oxford. Huko alikaa miaka sita, na anachokumbukwa kukisema kuhusu Oxford si cha sifa. Baadaye aliandika katika kitabu chake kwamba wengi wa maprofesa wa chuo kikuu hicho walikuwa wameacha hata kujifanya kwamba wanafundisha. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiuchumi: mwalimu ambaye mshahara wake haupungui wala kuongezeka, afundishe asifundishe, atatafuta raha yake. Wapo wahadhiri wa leo ambao hawataifurahia hoja hiyo. Smith mwenyewe alijifungia maktabani akajisomea, na inasimuliwa kwamba siku moja wakuu wa chuo walimkuta na kitabu cha mwanafalsafa David Hume, aliyeshukiwa kuwa hana dini, wakamnyang'anya. Hume alikuja kuwa rafiki yake mkubwa kuliko wote.

Alirejea Uskoti mwaka wa 1746 bila kazi. Kuanzia 1748 alitoa mihadhara ya umma jijini Edinburgh kuhusu ufasaha wa lugha na fasihi, na sifa alizozipata zikamrejesha Glasgow kama profesa wa mantiki mnamo 1751. Mwaka uliofuata alikabidhiwa somo la falsafa ya maadili, lile lile alilofundishwa na Hutcheson. Alilishikilia kwa takriban miaka 12, kipindi ambacho yeye mwenyewe alikitaja kuwa chenye manufaa na furaha kuliko vyote maishani mwake.

Ratiba yake ilikuwa ngumu. Alihadhiri asubuhi saa moja u nusu, kisha saa tano akawaita tena baadhi ya wanafunzi na kuwauliza maswali kuhusu yale waliyoyasikia. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka 14 hadi 16, na baadhi walitoka mbali. Mnamo 1761 Warusi wawili, Semyon Desnitsky na Ivan Tretyakov, waliwasili kusoma na hatimaye wakaenda kufundisha Moscow. Sehemu ya pato la profesa ilikuwa karo iliyolipwa na mwanafunzi mkononi mwake. Smith alipoanza mhadhara alikuwa akisitasita, kisha mada ilipomkolea maneno yakamiminika. Muhula mmoja alimteua kimoyomoyo kijana mmoja aliyekaa mbele ya nguzo na kumfanya kipimo: kijana akiinama kusikiliza, mambo yalikuwa sawa, akiegemea nyuma kwa uchovu, profesa alijua ni lazima abadilishe mwendo au mada.

Jambo moja hakulipenda. Mwanafunzi alipoonekana akinukuu kila neno, Smith alikunja uso. Alihofia kwamba fikra zake zingechapishwa na wengine kabla yeye hajaziweka sawa. Wanafunzi waliandika hata hivyo.

Mihadhara hiyo ilikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ilihusu dini. Ya pili, kuhusu maadili, ilizaa kitabu chake cha kwanza, Nadharia ya Hisia za Maadili, mnamo 1759; humo alieleza jinsi binadamu anavyojitia katika nafsi ya mwenzake na kuihisi furaha au huzuni yake. Ya tatu ilihusu haki na sheria. Ya nne iligusia mapato ya serikali, biashara, bei na ulinzi, na ndiyo mbegu ya Utajiri wa Mataifa. Asomaye kitabu kile cha pili bila ya kukumbuka kwamba kilikuwa sehemu ya mwisho ya somo la maadili anakisoma nusu.

Jiji la Glasgow lenyewe lilikuwa darasa. Wafanyabiashara wake walitajirika kwa tumbaku ya Virginia, na Smith alikula na kujadiliana nao. Tumbaku hiyo ililimwa na watumwa kutoka Afrika. Kuhusu utumwa aliwaeleza wanafunzi wake jambo ambalo lingali linachoma: kwamba haukuelekea kukoma popote upesi, kwa sababu binadamu anapenda kutawala wenzake hata pale anapopata hasara, na kwamba katika nchi zinazojiita huru hali ya mtumwa huwa mbaya zaidi, maana wanaotunga sheria ndio wanaomiliki watumwa. Katika kitabu chake baadaye aliongeza hoja kwamba kazi ya mtumwa, ingawa yaonekana rahisi, mwishowe huwa ghali kuliko zote.

Mapema mwaka wa 1764 Smith aliuacha uprofesa. Mwanasiasa Charles Townshend alimtaka amfundishe mwanawe wa kambo, Mtawala wa Buccleuch, akizuru naye Ulaya. Malipo yalikuwa pauni 300 kwa mwaka na kiasi hicho hicho kama pensheni hadi kufa, fedha nyingi kuliko alizopata chuoni. Kwa vile aliondoka muhula haujaisha, alitaka kuwarejeshea wanafunzi karo. Walikataa, wakisema wamekwisha kufaidika. Inasimuliwa kwamba alimkamata wa kwanza kwa koti, akamsukumia pesa mfukoni, na wengine wakaona ni heri wakubali.

Maisha ya Toulouse yalimchosha kiasi kwamba alianza kuandika kitabu ili kupitisha wakati. Geneva alikutana na Voltaire. Paris alifahamiana na Turgot pamoja na daktari wa mfalme, François Quesnay, kiongozi wa kundi lililoshikilia kwamba ardhi pekee ndiyo chemchemi ya utajiri. Smith hakukubaliana nao katika hilo, lakini alimstahi Quesnay kiasi cha kunuia kumtunukia kitabu chake, iwapo daktari huyo asingalifariki mwaka wa 1774. Ziara ilikatizwa mwaka wa 1766 nduguye mwanafunzi wake alipofia Paris.

Smith alirudi kwa mamake Kirkcaldy na kuandika kwa miaka sita, kisha akaenda London kukamilisha. Utajiri wa Mataifa ulitoka Machi 9, 1776, na nakala za toleo la kwanza zilikwisha katika muda wa miezi sita.

Mwanafunzi wa chuo kikuu wa siku hizi huzikuta nukta mbili za kitabu hicho katika wiki za mwanzo: kiwanda cha pini na mkono usioonekana. Cha kwanza kinastahili umaarufu wake. Wafanyakazi 10 waliogawana hatua za kazi waliweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku, ilhali kila mmoja akiwa peke yake asingefikisha 20. Cha pili hutajwa mara moja tu katika kitabu kizima. Yasiyotajwa sana madarasani ni mengi: kwamba wafanyabiashara wa aina moja wakikutana ni nadra wasile njama ya kupandisha bei, kwamba waajiri huungana kimyakimya kupunguza mishahara huku sheria ikiwazuia vibarua kuungana, na kwamba mtu anayerudia kazi ndogo moja maisha yake yote hupumbaa akili, kwa hivyo serikali haina budi kuwasomesha watoto wa maskini.

Kwa kampuni za wafanyabiashara zilizopewa idhini ya kutawala nchi za watu, hakuwa na huruma. Aliishutumu Kampuni ya Uhindi Mashariki kwa ukandamizaji wake Bengal, ambako njaa ya 1770 iliua mamilioni. Hoja yake ilikuwa kwamba mfanyabiashara hutaka kununua rahisi na kuuza ghali, na mtu wa aina hiyo hawezi kuwatawala vyema wale wale anaowanunulia. Hilo halikuizuia Uingereza kuipa idhini Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki mwaka wa 1888. Kufikia 1895 kampuni hiyo ilikuwa imeishiwa, na nchi ambayo leo ni Kenya ikakabidhiwa serikali ya London.

Mtetezi huyu wa biashara huru aliteuliwa mwaka wa 1778 kuwa kamishna wa forodha wa Uskoti kwa pauni 600 kwa mwaka. Aliifanya kazi hiyo kwa bidii. Alipoisoma orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku aligundua kwamba karibu kila tai na leso aliyokuwa nayo ilikuwa ya magendo. Akazichoma. Fauka ya hayo, aliendelea kuvirekebisha vitabu vyake viwili, na cha maadili ndicho alichokiongezea mengi mwaka wa kufa kwake. Chuo Kikuu cha Glasgow kilimteua kuwa mkuu wake wa heshima mnamo 1787.

Baada ya kifo chake, somo la uchumi lilianza kujitegemea. Kejeli ni kwamba mojawapo ya nafasi za kwanza za uprofesa wa somo hilo nchini Uingereza, aliyopewa Thomas Malthus mwaka wa 1805, ilikuwa katika chuo cha Kampuni ya Uhindi Mashariki. Wakati huo huo, waliokuwa wakimpinga Smith walidai kwamba kila chema kitabuni mwake kilitoka kwa Turgot na wenzake. Nchini Ujerumani wasomi walikwenda mbali zaidi, wakisema kwamba mwandishi wa huruma wa 1759 aligeuzwa na Wafaransa kuwa mwandishi wa ubinafsi wa 1776.

Hatimaye, mwaka wa 1895, mwanauchumi Edwin Cannan wa London alipata habari kwamba mwanasheria mmoja wa Uskoti ana daftari la kale. Lilikuwa na mihadhara ya Smith ya Glasgow, limenakiliwa kwa hati safi na kutiwa mwaka wa 1766. Cannan alilichapisha mwaka wa 1896. Humo mlikuwa na mgawanyo wa kazi, pini, bei ya soko na lawama kwa sheria za kuzuia biashara, yote yakiwa yamefundishwa kabla ya Smith kukanyaga Paris. Deni lake kwa Wafaransa halikufutika, kwani nadharia ya mtaji na mgawanyo wa pato ilikosekana katika daftari. Hata hivyo, nguzo za nyumba zilikuwa zimesimikwa Glasgow, katika somo moja na maadili, na mtu yule yule.

Mwaka wa 1958 John Lothian, msomi wa Aberdeen, alinunua madaftari mengine kutoka maktaba ya nyumba moja ya mashambani iliyokuwa ikiuzwa. Yalikuwa na mihadhara ya ufasaha na fasihi, na pia ya sheria ya muhula wa 1762 hadi 1763, yenye urefu na undani kuliko lile la Cannan. Haya ya sheria yalichapishwa mwaka wa 1978. Yote sasa yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Glasgow. Majina ya vijana walioyaandika hayajulikani.