Maisha ya Abu Rayhan al-Biruni, Mpima wa Vito

Mto Umba hutoka katika milima ya Usambara, pande za Lushoto, ukashuka nyikani hata kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Katika bonde lake huchimbwa yakuti za rangi nyingi. Na kila anunuaye vito ana khofu moja: jiwe hili jekundu ni yakuti au ni kioo? Jicho hudanganyika, na mali ikapotea. Aliyelijibu swali hili kwa mizani ni mwanachuoni aliyekufa yapata miaka elfu sasa.

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa mwezi 3 Mfungo Tatu mwaka 362 wa Hijra (973), katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo sehemu yake imo Uzbekistani. Alisoma hisabu, nyota na lugha. Mwaka 408 (1017) Sultani Mahmud wa Ghazna aliitwaa Khwarazm, akamchukua Biruni hata Ghazna, si kwa khiari yake. Lakini ugeni haukumkatisha kazi.

Alijua ya kuwa uzito peke yake hautoshi, kwani jiwe kubwa jepesi huweza kulingana na dogo zito. Basi akatengeneza chombo chenye tako pana na shingo nyembamba, na ubavuni mwa shingo mna mrija. Hukijaza maji hata yakaacha kutiririka mrijani, kisha hutia jiwe. Maji yaliyotoka huyapima, nayo ndiyo kadiri ya nafasi ya jiwe.

Tuseme jiwe lina uzito wa gramu 20. Likitoa gramu 5 za maji, ni zito mara 4 kuliko maji, na hivyo ndivyo yakuti ilivyo. Likitoa gramu 8, ni mara 2 na nusu tu: hicho ni kioo cha kawaida. Biruni aliifanya yakuti ya samawati kuwa kipimo cha vito vyote, na dhahabu kuwa kipimo cha madini. Hata maji ya moto na ya baridi aliyapima, akaona hayalingani. Dhahabu aliikuta yazidi maji mara 19 na robo. Mizani za leo hutoa 19.3.

Vipimo hivyo al-Khazini alivihifadhi katika kitabu chake Mizan al-Hikma, mwaka 515 (1121).

Imesimuliwa kwamba Sultani Mas'ud alimpelekea shehena ya fedha juu ya ndovu, kuwa zawadi ya kitabu chake cha nyota, naye akairudisha kwa kuwa hana haja nayo. Alifariki Ghazna karibu na mwaka 440 (1048).

Basi ndugu mfanyabiashara, apimaye kwa haki hujilinda asidhulumiwe, na humlinda mwenziwe asidhulumiwe naye.