King Tubby: Fundi redio wa Kingston aliyegeuza mitambo kuwa ala ya muziki

FEBRUARI 6, 1989, mwanaume mmoja alikuwa akirejea nyumbani kwake Duhaney Park, kitongoji cha jiji la Kingston nchini Jamaika, baada ya kumaliza kazi zake za siku. Kabla hajaingia ndani alipigwa risasi na kufariki dunia. Waliomuua walitokomea, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Marehemu alikuwa na umri wa miaka 48. Wazazi wake walimwita Osbourne Ruddock, lakini wapenzi wa rege walimfahamu kwa jina la King Tubby.

Pamoja na kuitwa mfalme, hakuwa mwimbaji, wala hakupata sifa kwa kupiga gitaa au kinanda. Alikuwa fundi wa redio. Hata hivyo, ni vigumu kumtaja mwanamuziki wa zama zake aliyebadili namna dunia inavyotengeneza muziki kuliko alivyofanya fundi huyo kwa bisibisi na chuma cha kulehemu.

Tubby alizaliwa Kingston Januari 28, 1941. Maisha yake ya kazi yalifungamana na Waterhouse, mtaa wa watu wa kipato cha chini magharibi mwa jiji hilo. Hapo alitengeneza redio na vyombo vingine vya umeme vilivyoharibika, na kusuka transfoma kwa mikono yake mwenyewe. Wanaomkumbuka humweleza kuwa mtu nadhifu, mpole na mwenye kupenda kila kifaa kikae mahali pake.

Kazi hiyo ilimkutanisha na muziki. Katika Jamaika ya miaka ya 1950 na 1960, wananchi wengi hawakuwa na uwezo wa kuingia kwenye kumbi zenye bendi. Burudani yao ilikuwa madansi ya uwanjani, ambako wenye mitambo walipanga spika kubwa kama makabati na kupiga santuri hadi alfajiri. Ushindani ulikuwa mkali. Mwenye sauti nzito ndiye aliyevuta watu, na kila aliyetaka sauti nzito alilazimisha amplifaya yake hadi ikaungua. Zilizoungua zilipelekwa kwa Tubby.

Haukupita muda mrefu naye akaunda mitambo yake, akaiita Hometown Hi-Fi. Mashabiki waliisifu kwa besi iliyosikika safi bila kukwaruza na kwa mwangwi uliofanya maneno ya mshika kipaza sauti yarudi mara kadhaa angani. Mshika kipaza sauti wake mashuhuri alikuwa Ewart Beckford, maarufu kama U-Roy, ambaye alighani juu ya nyimbo za wengine miaka kadhaa kabla mtindo wa rap haujarekodiwa Marekani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Tubby alikuwa pia akikata santuri za majaribio kwa mtayarishaji Duke Reid, mwenye studio ya Treasure Isle. Wakati huo, mwendesha madansi wa mji wa Spanish Town, Ruddy Redwood, alipiga santuri ambayo sauti ya mwimbaji haikuwamo. Wachezaji hawakulalamika, waliuimba wimbo wenyewe. Tubby aliona mbali zaidi. Kama sauti ya mwimbaji ingeweza kuondolewa, basi gitaa, kinanda na tarumbeta navyo vingeweza kuondolewa, kisha vikarudishwa pale fundi anapotaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipata mashine ya kuchanganyia sauti iliyokuwa ikitumika katika studio kubwa ya Dynamic jijini Kingston. Ilikuwa na njia nne tu za sauti. Aliifunga katika nyumba ya mama yake, Dromilly Avenue, na bafu likageuzwa kuwa chumba cha waimbaji. Nafasi haikutosha bendi, hivyo watayarishaji kama Bunny Lee walirekodi kwingine na kumletea kanda zikiwa tayari.

Hapo ndipo ufundi wake ulipodhihirika. Aliifungua mashine na kuirekebisha apendavyo. Mwangwi aliupata kwa kuizungusha sauti kwenye mkanda wa tepu. Chombo chenye springi, kilichokusudiwa kuipa sauti hisia ya ukumbi mpana, alikigonga kikatoa mngurumo wa radi. Kwa kitufe kikubwa cha kuzungusha aliiondoa besi taratibu hadi ngoma zikabaki zikilia kwa mbali kama bati, kisha akairudisha ghafla. Yote hayo aliyafanya kwa mikono miwili wakati kanda ikizunguka, kwa hiyo ilikuwa vigumu kwa matoleo mawili ya wimbo mmoja kufanana.

Mtindo huo ukaitwa dub. Mwaka 1973 Tubby alishirikiana na Lee Perry katika albamu ya Blackboard Jungle Dub. Mwaka 1976 ikatoka King Tubbys Meets Rockers Uptown, aliyoifanya na mpiga melodika Augustus Pablo. Jina la fundi mitambo lilitangulia kwenye jalada, mahali palipozoeleka kuwa pa mwimbaji.

Utajiri mwingine wa nyumba hiyo ulikuwa vijana waliojifunza hapo. Hopeton Brown alifika akitafuta transfoma za amplifaya alizokuwa akiziunda. Akaishia kukalia kiti cha fundi na kupata umaarufu kwa jina la Scientist. Lloyd James, aliyeitwa Prince Jammy, naye alipitia mikononi mwake. Mwaka 1985 Jammy alitoa wimbo Under Mi Sleng Teng wa Wayne Smith, ambao mdundo wake wote ulitoka kwenye kinanda kidogo cha Casio. Rege ikaingia enzi ya dijitali kwa chombo ambacho familia ya kawaida ingeweza kukinunua dukani.

Mwalimu hakubaki nyuma. Katika miaka hiyo Tubby alijenga studio mpya, kubwa zaidi, na mwaka 1985 akatoa Tempo ya Anthony Red Rose, kazi ya dijitali yenye utulivu na uzito wa kutisha. Alikuwa ameanza ukurasa wa pili wa maisha yake risasi zilipoukatisha.

Mashine yake ya njia nne ilikuja kuhifadhiwa na jumba la makumbusho ya muziki jijini Seattle, Marekani, mbali na mtaa uliomfundisha kuitumia. Desturi ya kuuvunja wimbo uliokamilika na kuusuka upya imeenea duniani kote, na programu za kompyuta za studio huja na vitufe vya kuiga mwangwi wa tepu na mtetemo wa springi. Kijana anayebofya kitufe hicho leo huenda hajawahi kulisikia jina la Osbourne Ruddock. Sauti anayoipata, hata hivyo, ilizaliwa kwenye meza ya fundi redio wa Waterhouse, ambaye alipokosa chombo alichokihitaji, alikitengeneza.